Ndoto ya Godoro Kichwani

Mara tatu katika wiki moja niliota binti yangu akitoka nyumbani kwetu Laini Saba, Kibera, na godoro kichwani. Namwita, hageuki. Kazi yangu ni kuuza mboga, na siku hizo nilikuwa nikikatakata sukuma huku machozi yakinitoka, wateja wakidhani ni vitunguu.

Binti alikuwa amepata kazi ya kushona yunifomu za shule huko Kawangware. Kwa miezi kadhaa alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka siku moja akaniambia amepata chumba karibu na kazini na angehama mwisho wa mwezi. Ndoto zilianza wiki hiyo hiyo. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo, lakini mimi nilizipeleka kwenye kikundi chetu cha maombi.

Kwetu magharibi nililelewa nikiambiwa ndoto husomwa kinyume: ukiota harusi, jiandae kwa matanga, ukiota kilio, furaha inakuja. Kwa hesabu hiyo, mwenzetu mmoja alisema binti hangehama kabisa. Mwingine, mama mwenye sauti nzito ambaye sote tunamwogopa kidogo, alitikisa kichwa.

"Aliangalia nyuma?"

Nikasema hapana.

"Basi hiyo si kuhama. Mtu akibeba matandiko na asiangalie nyuma, huyo anaenda kaburini. Fungeni siku tatu, wewe na yeye. Hakuna kula."

Niliipokea tafsiri hiyo kwa mikono miwili, na leo sioni haya kusema sababu: ilinifaa. Kama kuhama ni kufa, basi nilikuwa na haki ya kumzuia. Nilimhofia mtoto wangu, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kula peke yangu. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, na tangu hapo tumekuwa watu wawili mezani.

Binti alifunga kwa heshima tu. Siku ya pili njaa ilimlemea akiwa kwenye cherehani, akasinzia, sindano ikamtoboa kidole. Alirudi jioni mkono ukiwa umezungushiwa kitambaa chenye damu. Akakaa kitandani, akaniuliza polepole:

"Mathe, hiyo ndoto ni ya nani? Yako ama yangu?"

"Yangu."

"Sasa mbona nafunga mimi?"

Niliwasha jiko, nikapika uji, nikaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile, kama nilivyomfanyia alipokuwa mdogo. Alipokunywa na kupata nguvu akaanza kunichokoza. Mtu aliyebeba godoro kichwani, alisema, hawezi kugeuka hata akiitwa na rais, na mimi niliyehamahama ndani ya Kibera miaka yote hii nilipaswa kulijua hilo. Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikamwomba msamaha, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia hata siku moja.

Mwisho wa mwezi akahama. Alibeba godoro, mimi nikambebea sufuria na jiko.

Jumapili ya pili alinialika. Chumba kilikuwa kidogo kuliko chetu, lakini alikuwa ameshona pazia la vipande vya yunifomu, bluu na kijani, na kidole kilikuwa kimepona. Alimwita jirani yake aje anione. "Huyu ndiye mathe nilikuwa nakuambia," akasema, na nikaona fahari usoni pake. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa binti mwenye kichwa kigumu kuliko changu.

Nilipoaga, alinipa bakuli lenye kifuniko, bado la moto. Ugali na omena.

"Ya jioni," akasema. "Usianze tena kupika."

Nilifika nyumbani nikanawa mikono, nikakaa, nikala peke yangu. Nilishiba.