Mgeni wa Kijiji Kilichozama

Nilifunga safari ya Kinango katika ukame uliofuata zile mvua za El Nino, kwa sababu moja tu. Mke wangu Nyamvula alikuwa amekwenda kwao matangani na binti yetu Sidi, ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea, na siku zikapita bila wao kurudi. Mimi ni mtu wa bara, mhudumu wa hoteli huko Diani, ambako watalii huoga baharini, kisha huoga tena kuondoa chumvi ya kuoga.

Asubuhi nilitoka Ukunda, nikabadilisha gari Kwale. Mbele kidogo gari likaharibika, tukashika njia kwa miguu.

Mchana, nikiwa nimekaribia kwa wakwe, nilifika kwenye kanisa lenye tangi la maji lililotiwa kufuli. Mzee wa kanisa alikuwa kivulini. Alinisimulia habari za Nabii Eliya na yule mjane aliyemkirimu mgeni kwa unga wake wa mwisho, akasimulia vizuri hata machozi yakamlengalenga. Nikaomba maji.

"Wewe ni mshirika wa kanisa gani?"

"La Ukunda."

"Basi, ndugu yangu, Mungu akufikishe salama Ukunda."

Alasiri niliingia uani kwa wakwe nikichechemea, mweupe kwa vumbi toka nywele hadi kucha. Watu wa kule wana hadithi yao ya kale: mgeni mwenye vidonda aliomba maji kwenye kijiji kilichokuwa na harusi, akafukuzwa, na usiku ule kijiji kikazama na ngoma zake. Mama mkwe, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alinijia mbio na kata ya maji.

"Kunywa, bwana mkubwa. Hapa petu hatujamfukuza mtu."

Nikayamaliza. Nyamvula akatoka ndani. "Mama, huyu si Baba Sidi?"

"Lo! Ningalijua ni wewe, ungalingoja!" Mama mkwe akanipokonya kata. "Hayo yalikuwa ya mtoto!"

Nyumbani hapakuwa na tone jingine, na bwawa lilikuwa limekauka. Sidi alikuwa na homa, analia bila machozi. Nilijichukia. Nikawasimulia yaliyonipata kwa mzee wa kanisa, nikatwaa dumu nirudi kwake, nikaanza kujipangusa vumbi, lakini mama mkwe akanizuia.

"Nenda hivyo hivyo, mwanangu. Akikuuliza tena kanisa, mjibu hivi." Akaninong'oneza.

Jioni mzee wa kanisa aliuliza tena, kama alivyotarajiwa.

"Hata kile kijiji kiliniuliza hivyo hivyo," nikamjibu, "kabla hakijazama."

Alikimbia kufungua kufuli. Alijaza dumu, akalibeba mwenyewe hadi njia panda, akiniomba nisiitazame nyumba yake. Sidi alikunywa, akalala.

Asubuhi ya kurudi ilikuwa Jumapili. Nilipita pale na mke na mtoto, nimenawa, nimevaa shati la hoteli. Mzee alikuwa nje akishuhudia: mgeni alimjia jana, ndevu zimemfika kifuani, miguu haikanyagi chini. Mimi ndevu sina. Alinitazama usoni, akaendelea. Kufuli halikuwapo tena, na akina mama wa kila dini walikuwa kwenye foleni na ndoo zao.

Siku zote nilikuwa nikiuliza kama hadithi hizi ni za kweli. Mzee yule alikuwa na ya Eliya kichwani, na tangi likabaki limefungwa. Aliyemfungulisha ni mgeni wa vidonda, tena kwa woga, si kwa upendo. Nilitaka kucheka kwa sauti. Nyamvula akanifinya, akanionyesha ndoo za nyuma, ambazo bado zilikuwa tupu.

Nikaitikia, "Amina."