Imekwisha Hiyo

Asubuhi ya Jumatatu ile wanaume wa mtaa walikuja kula mahamri yangu na kunihukumu papo hapo, na mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili walilolifanya kwa hamu zaidi.

Mimi napika mahamri na mbaazi za nazi Mtopanga, kwenye kibaraza cha nyumba yangu. Nina mabenchi mawili, meza moja yenye mguu uliofungwa kwa waya, na karai alilonunua mume wangu tulipohamia hapa. Jumatatu mabenchi hujaa kuliko siku nyingine, kwa sababu timu yetu ya mtaa hucheza Jumapili, na mtu aliyetazama mpira hawezi kwenda kazini kabla hajausema. Mimi nami huusema. Kwa miaka minane sijakosa mechi ya nyumbani, isipokuwa Jumapili moja niliyokwenda kumzika baba Kaloleni. Najua nani anajiangusha na nani anaotea makusudi, na refa akituonea, ananisikia mimi kabla hajamsikia kocha.

Lazima niueleze uwanja, maana kesi yote imo humo. Upande mmoja kuna ukuta wa shule, na hapo ndipo tunapokaa mashabiki. Upande wa pili kuna mashine ya kusaga unga na karakana ya fundi wa mageti, na wote wawili hawajui Jumapili ni siku gani. Refa akipuliza kipenga, sisi wa ukutani tunasikia. Aliye upande wa mashine hasikii kitu. Zamani wachezaji wa upande ule walikuwa wakiendelea kukimbizana peke yao huku wenzao wameshapeana mikono. Basi nikaanza, mechi ikiisha tu, kupiga vigelegele. Vyangu ni vya harusini, vya kwetu, na vinapita juu ya mashine na juu ya nyundo ya yule fundi. Hakuna aliyeniteua, ikawa desturi tu. Refa anapuliza, mimi napiga, na wachezaji wa upande wa mashine wanainua mikono. Hata tukifungwa napiga, ila kifupi, kwa adabu.

Jumapili hiyo tulicheza na timu ya Likoni. Watu wa Likoni wakivuka feri kuja kwetu huja na ngoma zao na midomo yao, na hatukuwa tumewafunga kwa muda mrefu. Tulipata bao kipindi cha pili, kichwa safi kutoka kwenye kona, na kuanzia hapo ikawa roho mkononi. Mpira haukutoka langoni kwetu. Nilisimama kando ya mwenyekiti wa timu, mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye duka la vyombo, wa familia ya Mombasa ya tangu na tangu. Hata bei ya sufuria anaitaja kwa Kiswahili cha kusomwa redioni. Yeye ndiye mwenye saa, na saa yake ya mkononi ndiyo saa ya uwanja.

Kipa wetu aliudaka mpira akaulalia. Nikamuuliza mzee, "Bado ngapi?"

Mzee akaitazama saa, akatabasamu, akaurudisha mkono wa kanzu mahali pake.

"Imekwisha hiyo, mwanangu," akasema.

Nikapiga.

Kumbe zilikuwa zimebaki dakika nne. Kipa aliinuka akaupiga mpira mrefu, Likoni wakauzuia katikati, wakaupeleka pembeni kwa winga wao wa kulia. Wa kumzuia alikuwa beki wetu wa kushoto, ambaye kipindi cha pili huangukia upande wa mashine. Ni mwashi, mtu mpole, mwenye mapafu ya punda. Nilimwona ameinua mikono. Kisha nikamwona anavua jezi. Jezi ikiwa bado imemfunika uso, winga akampita, akamimina krosi, na bao likaingia. Beki alipotoa kichwa alikuta watu wanashangilia, akashangilia nao kidogo, kabla hajaona ni watu gani. Wetu wakamkimbilia refa kulalamika, refa akatoa kadi, vichwa vikavurugika, na kabla ya kipenga cha mwisho Likoni wakafunga la pili. Ngoma zao nilizisikia mpaka jikoni kwangu.

Sasa Jumatatu. Mwanzoni walijadiliana vizuri, nikadhani mambo yatapita hivyo. Msemaji mkuu alikuwa fundi wa simu, mwenye kibanda mkabala na nyumba yangu, mtu anayezungumza mpira kana kwamba redio fulani inamlipa.

"Tulikaa nyuma mno," alisema. "Unaongoza bao moja, zimebaki dakika kumi, unaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona unauficha kule. Wakija wanne, wapige mateke miguu yako."

Mwingine akasema kosa ni la kocha, aliyemtoa mshambuliaji pekee mwenye mbio akaingiza beki wa tano. Mwingine akamtaja kipa, kwamba ule mpira angeulalia mpaka waulize kama amekufa. Mimi nikasema kiungo wetu alikuwa amechoka zamani, nilimwona kashika magoti mara mbili na hakuna aliyempumzisha. Wakakubali. Nikageuza mahamri, nikawaongezea mbaazi.

Ndipo fundi wa simu akaifuta sahani yake kwa kipande cha mwisho, akameza, akasema, "Mama, usichukie. Lakini lile bao lao la kwanza umelifunga wewe."

Hakuna aliyempinga. Nilijua basi kwamba walishalizungumza kabla ya kuja.

Beki wa kushoto alikuwa amekaa mwisho wa benchi, saruji kwenye kucha, macho kwenye chai. Fundi akamwambia aseme kwa nini alisimama.

"Mimi simtazami refa," beki akasema polepole. "Tangu nije hapa simtazami. Namsikiliza mama. Mama hajawahi kukosea."

Neno hilo liliniuma na kunifurahisha kwa pamoja, na sikujua nifanye nini na uso wangu. Lakini fundi wa simu alilichukua kama ushahidi. Akasema kamati ya timu ilikaa jana baada ya mechi na imeamua. Uwanjani nije, hakuna anayenizuia, ila vigelegele basi. Nitazame mpira mdomo ukiwa umefungwa.

Kamati ina mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele yangu, anatafuna, ameinamia mbaazi zake.

Nilimpa nafasi, Mungu ndiye shahidi. Niligeuza mahamri matatu, moja moja, kwa utaratibu. Huyu ni mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi, aliyeniazima mikeka siku za matanga ya baba, na sikutaka kumwaibisha mbele ya watu anaowazidi umri. Akanyoosha sahani kuomba mbaazi nyingine kidogo. Hapo nikachoka kumngojea.

"Mzee, nilikuuliza bado ngapi. Ulinijibu nini?"

Benchi lote likamgeukia. Mzee akapangusa ndevu.

"Nlisema imekwisha hiyo."

"Basi."

"La, si basi." Akainua kidole. "Imekwisha hiyo si imekwisha. Mtu akisema imekwisha hiyo, maana yake ishakuwa yetu, haina wasiwasi tena. Si kwamba wakati umefika. Wewe hukunifahamu, mwanangu, na wala si makosa yako. Kiswahili hiki chataka uwe umezaliwa nacho."

Nimetukanwa sokoni, nimetukanwa kwenye foleni ya maji, na sijawahi kukasirika vile. Ni kweli nilizaliwa Kaloleni na mamangu aliniimbia kwa lugha nyingine. Lakini Kiswahili nimekitumia kuposwa, kujifungua na kuzika. Wanangu watatu walikuwa wakipewa zawadi za insha mbele ya shule nzima, na aliyekuwa akiwasahihishia daftari, na mikono ina unga, ni mimi. Leo naambiwa sikufahamu neno moja! Tena na mtu aliyelisema vibaya yeye. Nilimuuliza ya saa, angenijibu ya saa.

Mzee aliona nimenyamaza akadhani yamekwisha. Akasogeza sahani.

"Nitilie mawili, mwanangu."

"Yamekwisha hayo, mzee."

Akatazama karai. Mahamri kumi na mawili yalikuwa yameumuka yanaelea, na pembeni beseni zima la mengine limefunikwa kitambaa.

"Yamekwishaje, na mimi nayaona?"

"Yamekwisha hayo," nikasema. "Si kwamba hayapo. Maana yake yashakuwa yangu, hayana wasiwasi tena."

Beki wa kushoto ndiye aliyeanza, chai ikamtokea puani. Wengine wakafuata, hata fundi wa simu akainamisha kichwa mabega yakimcheza. Mzee hakucheka. Aliinuka, akaweka vizuri kofia yake, akasema "Haya," akaenda zake dukani. Sikumwita. Nilitaka, lakini sikumwita.

Badala yake niliwageukia waliobaki.

"Jumapili naja," nikawaambia. "Na mdomo sifungi. Nitapiga tangu refa anapoanza mpira, nitapiga mpaka mwisho. Anayetaka kujua kama mechi imeisha, angoje ninyamaze." Nikamwelekezea beki kijiko. "Wewe umesikia? Mpaka ninyamaze."

"Nimesikia, mama."

"Mama, kamati imeshaamua," fundi akasema.

"Basi kamati ije inizibe mdomo kwa mikono yake. Nitakuwa pale pale nilipozoea kukaa."

Wiki ile mzee hakuja. Jumanne hakuja, Jumatano hakuja, na nikasikia anakula mkate wa dukani na chai ya chupa. Sitaki kusema uongo, nilimkosa. Kila nikisikia viatu vyake vinapita nilikuwa nachungulia. Lakini sikupeleka salamu wala sikubadilisha neno langu.

Jumapili ilikuwa zamu ya timu ya Changamwe. Nilijifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, nikabeba chupa ya maji ya tangawizi. Jirani yangu muuza samaki alikubali kunipokea nikichoka. Refa akapuliza, nikaanza. Watu wakageuka. Fundi wa simu aliziba masikio, akahamia mwisho wa ukuta, na nikaona anawaeleza wenzake jambo kwa mikono. Nilipiga mpira ukiwa wetu na ukiwa wao. Nikikatika, jirani ananipokea. Mapumziko yalipofika koo lilikuwa limekwaruzika na mtoto wa mtu alikuwa ameshaniuliza kama mimi ni mzima.

Tukapata bao, zikiwa zimebaki kama dakika ishirini. Na yale yale yakarudi. Changamwe wakatujia wote, mabeki wao pia. Wanaume walishika vichwa. Hofu ile naijua, na mimi nilikuwa nayo, lakini ilinibidi niitolee nje. Tukapokezana, mimi na jirani, hatukuacha hata mwanya.

Ndipo mzee akaja kusimama mahali pake, kando yangu. Tulitazamana. Nilimwachia jirani sauti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikapokea tena. Kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi, niligonga mkono wangu pale ambapo mtu huvaa saa. Mzee akaitazama yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaisogeza karibu na macho.

"Zimebaki dakika tatu na sekunde arubaini," akasema, neno moja moja, wazi. "Haijaisha, mwanangu. Piga."

Nikapiga. Winga wa Changamwe alimwendea beki wetu mara ya kwanza, beki akautoa mpira nje mpaka kwenye paa la mashine ya unga. Akamwendea mara ya pili, beki akamganda, hakumpa hata nafasi ya kugeuka. Mpira ukatoka, ukarudi, kipa akaudaka, akaulalia sawasawa. Refa akapuliza.

Watu walitoka ukutani mbio, wakaingia uwanjani. Lakini kule upande wa mashine beki wetu wa kushoto alikuwa bado kazini. Winga alikuwa ameinama ameshika magoti, hana mpira, hana haja, na beki amemsimamia mikono imetanuliwa kama anayemzuia kuku asitoke bandani. Wote wakampigia kelele, imekwisha, imekwisha! Fundi wa simu alikuwa mbele yao akipunga shati lake. Beki hakumtazama yeyote. Alikuwa amegeuza shingo huku ukutani, kwangu, ambako vigelegele vilikuwa bado vinaendelea.

Fundi akarudi mbio, jasho linamtoka.

"Mama, yeye hatusikii sisi! Mwambie!"

Nikapiga kimoja zaidi, kirefu, cha kwangu mwenyewe. Kisha nikafunga mdomo, na ng'ambo ya uwanja beki wetu akainua mikono.