Nondo Aliyelia Ndooni

Mwaka wangu wa pili wa kusomesha sayansi, mama mtu mzima aliyekuwa akifagia skuli yetu, hapo mtaa wa Ng'ambo, aliniletea kiwavi. Alimtoa kwenye mbilingani wa nyumbani kwake: mnene kama kidole gumba, rangi ya manjano, na nyuma ana kijipembe kilichopinda. Wiki hiyo nilikuwa nasomesha namna wadudu wanavyokua. Nilifurahi, nikamwomba aingie awaeleze watoto.

Akavua kandambili mlangoni. Akasema kiwavi yule atajichimbia udongoni, atageuka pupa, kisha atatoka nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni.

"Na ukimgusa analia," akamalizia. "Kama kitoto cha panya."

Ningeweza kusema sijui. Lakini watoto walikuwa wananitazama.

"Bi mkubwa," nikasema, "nondo hana mapafu wala koo. Atalia na nini? Hizo hadithi za kutishia watoto."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akatabasamu, akavaa kandambili zake, akarudi kwenye ufagio.

Kiwavi nilimtia kwenye ndoo ya udongo, juu nikafunga kipande cha chandarua. Kesho yake alikwishazama. Wiki ya tatu nikafika skuli mapema, nikamkuta kang'ang'ania chandarua, mabawa kashayakunjua, na fuvu mgongoni. Nikamgusa kwa kalamu. Akalia, sauti kali, mara mbili.

Niliangalia mlangoni kama kuna mtu. Nikaibeba ndoo hadi nyuma ya vyoo, nikamwachia. Watoto walipouliza, nikawaambia pupa kaoza.

Siku tatu nilimkwepa yule mama. Ya nne nikamfuata bombani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule nondo alitoka. Alilia kweli. Unisamehe."

"Nlimsikia," akasema, macho yake kwenye maji. "Nlikuwa nafagia ukumbini. Na ulivyowaambia watoto, pia nlisikia."

Nikakosa pa kuuweka uso. "Nitawaambia."

"Waambie. Mie nshasamehe."

Niliwaambia siku ya kufunga skuli, harakaharaka, nusu yao wameshabeba mikoba. Nikasema wako nondo wanaolia, kama vile nimesoma kitabuni. Aliyenifundisha sikumtaja.