Meli Isiyofika Popote

Asubuhi ya kwanza bila nchi kavu, nahodha alitangaza kwenye spika za darini kwamba leo na kesho hatutatia nanga mahali popote. Nikamtafsiria mama. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, tayari na viatu miguuni na jilbabu kichwani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Kama hatufiki popote," akauliza, "si wangezima injini tupumzike?"

Mama alizaliwa nyikani karibu na Tarbaj, akakua akichunga ngamia. Hata baada ya kuhamia Garissa na kuanza kununua na kuuza mbuzi sokoni, sikumbuki asubuhi aliyokaa nyumbani mpaka jua likawa kali. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa malori Marekani, alikuwa hajamwona kwa miaka mingi. Safari hii aliilipia yeye. Mimi na mama tuliruka kutoka Nairobi, yeye akatupokea Dubai, tukapanda meli kubwa kuliko jengo lolote la kwetu, ikielekea Uhindi.

"Nataka hooyo apumzike," aliniambia kwenye simu. Hooyo ndivyo tunavyomwita mama.

Hakupumzika. Tulimkalisha kando ya bwawa la kuogelea; akawatazama watu waliojipaka mafuta na kujianika juani, akasimama. Tukampeleka kwenye ukumbi wa maonyesho. Akatoka kabla mtu wa mazingaombwe hajamtoa njiwa. Wakati wa chakula alizunguka meza zote akiwa na sahani tupu, akarudi na ndizi na chai. Kaka naye hakutulia. Kila mara alitoa simu mfukoni, akakuta haina mtandao, akairudisha. Nilijua kuna jambo, ila sikujua ni lipi.

Baada ya swala ya adhuhuri mama alitoka chumbani bila kuaga. Nilimtafuta kwenye maduka, kwenye lifti, kwenye korido ndefu zinazofanana zote, mpaka nikamkuta sitaha ya juu kabisa. Huko kulikuwa na njia nyekundu inayoizunguka meli, ya watu wa mazoezi. Mama alikuwa akitembea humo, mikono nyuma, jilbabu imejaa upepo. Kaka alikuwa amemfikia kabla yangu, wanakwenda bega kwa bega. Nikawafuata kwa nyuma. Upepo uliniletea maneno yao.

"Hooyo, njoo tuishi wote. Chumba chako kipo. Nimeshaweka kitanda."

"Ukienda kazini?"

"Naenda siku chache, halafu narudi."

"Na siku hizo mimi niko na nani?"

"Wasomali ni wengi mtaani, hooyo."

"Nikifungua mlango natokea wapi?"

"Kwenye korido. Kisha kuna lifti."

Mama akacheka kidogo, bila furaha. "Kama humu."

Kisha kaka akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto, "Nimechoka, hooyo. Nikirudi nyumbani hakuna hata mtu wa kunisalimia."

Mama akamshika mkono wa shati, bila kusimama. "Na dada yako?"

"Yeye ni mtu mzima. Ana kazi yake."

Nilisimama nikashika chuma cha ukingoni. Nimeishi na mama tangu ndoa yangu ivunjike. Mchana huwa natoka ofisini Garissa kwenda kuhakikisha amekunywa dawa ya presha. Niliiona nyumba ile ikiwa tupu, nikaogopa. Papo hapo nikahisi wepesi mwili mzima, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na wepesi huo ukanitisha zaidi ya hofu.

Walipomaliza mzunguko wakanikuta palepale.

"Umesikia?" mama akaniuliza.

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Kaka alikuwa akitazama viatu vyake.

"Sijui, hooyo."

"Basi tembea."

Tukatembea watatu sambamba, wanaokimbia wakalazimika kutuzunguka.

Kesho yake, wakati wa chai, mama alitoa jibu. "Siji huko. Mimi nyumbani kwangu ni Garissa. Wewe ndiye uje, ukae, nikuone." Kaka alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Hakubishana. Alijifuta macho kwa kitambaa cha mezani, akaenda kumletea ndizi nyingine.

Kabla ya Ramadhani iliyofuata alikuja kweli. Alfajiri aliandamana na mama sokoni, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akila kuliko nilivyowahi kumwona akila. Kisha likizo ikaisha, akarudi kwenye malori yake.

Bado anapiga simu kila Ijumaa, na bado anamwuliza mama kama atakwenda. Mama husikiliza mpaka mwisho, halafu hunipa simu. "Haya, abaayo, dada yangu," kaka huniambia, na tunaulizana habari za joto na za mto Tana. Ijumaa moja nilimwuliza kama na mimi nina chumba huko kwake. Akacheka.

Sikuwa natania.