Waya wa Kupita Dirishani

Kwenye stendi ya teksi walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Wenzake wakibishana kuhusu mpira, yeye anafuta kioo. Wakiwasengenya abiria, yeye anacheka kwa mabega tu. Mtu akimrukia foleni na kumchukulia mteja, anarudi garini na kufunga mlango polepole, kana kwamba mlango ndio uliokosewa. "Huyu siku akifa," dereva mmoja alisema, "itabidi tumwamshe kwanza ndipo tuhakikishe." Kimya akacheka kwa mabega.

Ukimya wa stendi haukumsumbua. Uliomsumbua ni ule wa nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Kwa miaka mingi alishonea chumba cha mbele, kwenye dirisha linalotazama barabara, kwa cherehani ya umeme iliyokuwa na meza yake na miguu yake ya chuma. Mchana abiria wakiadimika, Kimya alirudi nyumbani, akala, kisha akajilaza chumba cha pili. Usingizi wake haukuwa na dawa nyingine zaidi ya mlio wa ile mashine: inakimbia, inasita kwenye kona ya kola, inakimbia tena. Hakuwahi kumwambia mkewe jambo hilo. Lilikuwa jambo la kuambiana kweli?

Kisha umeme ukaanza kukatika. Mwanzo ilikuwa mara mojamoja, baadaye karibu kila siku, kuanzia adhuhuri hadi jua linapolala. Sare za shule zikachelewa. Wateja wakaja, wakasonya, wakachukua vitambaa vyao vikiwa bado vitambaa. Ndipo dada wa mkewe, mwenye duka la kushona katika mji wa mbali ambako umeme haukatiki hovyo, akamwita: njoo ushonee kwangu kwa miezi michache, mpaka mambo yatengemae.

Kimya ndiye aliyeifunga mashine juu ya keria ya teksi na kumfikisha mkewe kituo cha mabasi. Njia nzima alikuwa na neno moja mdomoni, nalo ni "usiende". Basi lilipoanza kunguruma, alisogea dirishani na kusema, "Mkasi umechukua?"

"Nimechukua," mkewe alijibu. Basi likaondoka.

Miezi ina tabia ya kuitana. Ile michache iliita mingine, na sasa mvua zilikuwa zimekuja na kwenda zaidi ya mara moja. Kwenye sakafu ya chumba cha mbele yalibaki madoa manne ya kutu pale miguu ya mashine iliposimama. Kimya alipofagia, aliyazunguka. Kwenye wavu wa dirisha kulikuwa na nyuzi za rangi zilizonasa, na siku moja alikuta uzi wa kijani umeshika soksi yake. Akautoa, akautazama, akaurudisha kwenye wavu.

Mkewe alipiga simu kila jioni. Nyuma ya sauti yake zililia mashine za duka la watu. Alimweleza mambo ya dada, ya wateja wabishi, ya watoto wao ambao walikuwa wakubwa sasa na kila mmoja na kwake. Kimya alijibu kuwa yupo, ni mzima, mvua imenyesha kidogo. Mchana kutwa alikuwa akiandaa neno la kumwambia, lakini simu ikilia neno linatoka mbio kama kuku aliyeona kisu.

Njia ilionekana kwa bahati. Siku moja alimchukua mpigapicha wa harusi aliyekuwa amechelewa shughuli. Huyo bwana alichomeka kijisanduku kwenye tundu la kuwashia sigara, akaunganisha chaja ya kamera yake, na taa ndogo ikawaka. Kimya aliitazama ile taa hadi akapita njia panda ya kukatia.

"Hicho kidude," alisema, na abiria akashtuka kwa kuwa alikwishaamini dereva wake ni bubu, "kinaweza kuendesha cherehani?"

Mpigapicha akacheka. Akamweleza kwamba hiyo ni inveta, inachukua umeme wa betri ya gari na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Lakini hiyo yake ni ya kuchajia tu. Ukiifungia cherehani itaungua kabla hujatunga uzi. Ila zipo kubwa.

Zipo kubwa. Kimya alilala na maneno hayo mawili, akaamka nayo.

Duka alilokwenda lilikuwa la mama mmoja mnene, mcheshi, aliyejulikana mtaa mzima kama Mama Waya. Alikuwa na kalamu ya kupimia umeme kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kitana. Alimuuliza Kimya anataka kuendesha nini. Cherehani. Ina wati ngapi? Kimya hakujua. Iko wapi? Iko mbali.

"Basi baba, umekuja kununua kiatu na mguu umeuacha kwingine," Mama Waya alisema. Lakini hakumfukuza. Alimvutia kigoda, akamfundisha. Mota ni kama ng'ombe aliyelala: kunyanyuka ndiko kunakomgharimu, akishasimama anatembea tu. Kwa hiyo wati zilizoandikwa kwenye mota uzizidishe hata mara tatu ndipo uchague inveta. Ya namna hiyo haichomekwi kwenye tundu la sigara. Inabanwa kwenye vichwa vya betri, injini ikiunguruma, la sivyo jioni utasukuma gari. Na nyaya za kwenye betri ziwe nene na fupi. Waya mrefu uwe ule wa kwenda ndani. Na kitu chochote cha kuchemsha, iwe birika au jiko, asithubutu kukifunga hapo.

"Sasa mashine ikishona, gari litabeba abiria saa ngapi?"

"Mchana abiria hawapo," Kimya alisema. "Nitakuwa nimekaa hapo hapo. Nje ya dirisha."

Mama Waya alimtazama vizuri kidogo. Akamwambia akasome wati kwanza, ziko kwenye kibati cha mota, halafu arudi.

Jioni ile simu ilipolia, Kimya alikuwa na la kusema kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hakutaka kusema yote. Aliogopa mashine ikigoma, atakuwa amemwita mtu bure. Basi, akiisha kutaja mvua, aliuliza, "Ile mashine yako, kwenye kibati cha mota pameandikwa wati ngapi?"

Mkewe aliuliza, "Za nini?"

"Basi tu."

"Kuna mtu anauliza?"

Kimya alimfikiria Mama Waya. "Yupo," alisema.

Mkewe akasema atatazama, akakata simu mapema kuliko kawaida. Baadaye ujumbe ukaingia, bila salamu: *Mia mbili na hamsini. Kama mnunuzi ni huyo, mwambie mkanda ni mpya.*

Kimya aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena amekaa. Alipolielewa lile neno mnunuzi, aliinamia simu aandike. Kidole chake kilitafuta herufi za kujibu kikazikosa. Kesho yake asubuhi shemeji alimpigia, naye hakuwa mtu wa kupindisha maneno. Alisema mdogo wake amekaa mbele ya mashine tangu kulipokucha na hajakanyaga pedeli. Mwanamke humwuzii mashine akiwa hai. Kama shemeji amechoka kuwa na mke, aseme wazi, mji una wazee.

"Siuzi, shemeji," Kimya alisema.

"Si mimi wa kuambiwa," shemeji alijibu.

Ikabaki hivyo: kuna neno moja lazima litoke, na mwenye kulitoa ni yeye. Alikwenda kwa Mama Waya siku hiyohiyo, akachukua inveta ya wati elfu moja iliyopimwa mbele yake kwa taa na feni, ikiwa na vibanio viwili, chekundu na cheusi. Fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya matairi zikaishia hapo. Matairi yangevumilia.

Lakini kujaribu kwa feni si kujaribu kwa cherehani. Nyumba ya tatu alikaa Fundi Viraka, aliyeitwa hivyo kwa sababu suruali yake mwenyewe ilikuwa na viraka vingi kuliko za wateja. Naye alikuwa na mashine ya mota kama ya mke wa Kimya, na umeme ukikatika alikaa mlangoni akihesabu wapita njia. Kimya alipomwomba mashine, Fundi Viraka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaani nikusaidie kumrudisha mtu aliyekuwa ananinyang'anya wateja?" Halafu akanyanyuka, akashika mguu mmoja wa mashine. "Shika huko. Tangu aondoke, wateja wake hawakuja kwangu. Walikwenda kununua za dukani. Afadhali ushindani kuliko upweke."

Waliiweka chumba cha mbele. Kimya alihakikisha miguu haikanyagi yale madoa manne. Aliisogeza pembeni kidogo, Fundi Viraka akiguna. Kisha akaegesha gari, boneti kwenye dirisha na bomba la moshi kuelekea barabarani. Umeme ulikatika saa zake zilezile. Akabana chekundu kwenye chanya na cheusi kwenye hasi, akawasha injini, akainua pembe ya wavu, akapitisha waya juu ya kizingiti cha dirisha.

"Kanyaga," alisema.

Inveta ililia kwa sauti nyembamba, taa yake ikafifia, na Kimya akashika boneti kwa mikono miwili. Ng'ombe alikuwa akinyanyuka. Kisha taa ikatulia na mashine ikakimbia. Ikasita. Ikakimbia tena.

Hakuwa amejua kwamba angesimama pale na macho yakaanza kumwuma. Alipiga simu kabla ujasiri haujapoa. Mkewe alipokea kwa sauti kavu, maana huo haukuwa wakati wao.

"Umeme umekatika," Kimya alisema.

"Huko unakatika kila siku. Ndiyo habari yenyewe?"

"Sikiliza." Akanyoosha simu kuelekea dirishani.

Alipoirudisha sikioni, mkewe aliuliza, "Mashine ya nani hiyo?"

"Ya Fundi Viraka."

"Iko wapi?"

"Chumba cha mbele."

"Baba watoto. Umempangisha Fundi Viraka chumba changu?"

Fundi Viraka alikuwa ameyasikia yote, kwani dirisha lilikuwa wazi na simu ya Kimya ilikuwa na sauti kubwa. Akapaza sauti bila kuacha kushona: "Shemeji, mimi nimekopwa tu! Mumeo amenifunga kwenye gari kama tela!"

Kimya akageuka, akaipa nyumba mgongo. Alianza na inveta, akaeleza betri, vibanio, ng'ombe aliyelala, mpaka mwenyewe akaona anazunguka. "Nilikuuliza wati kwa ajili hiyo," alisema. "Si kuuza. Nataka mashine irudi."

"Mashine tu?"

Injini iliunguruma. Mpita njia alimsalimia, naye akaitikia kwa kichwa.

"Na mwenyewe," alisema. "Tangu ile siku kwenye basi nilitaka kukwambia usiende. Nikauliza mkasi."

Upande wa pili zilisikika mashine za duka la watu, na mtu akiomba kupasiwa chaki. Kisha mkewe akauliza kwa sauti ya chini, "Na pasi?"

Kimya alikuwa amefikiria mota, betri, matairi, moshi wa bomba. Pasi haikumjia hata ndotoni. Akaitazama inveta iliyokaa kando ya betri, akakumbuka Mama Waya na vitu vyake vya kuchemsha.

"Pasi haiwezi," alisema.

"Nguo isiyopigwa pasi mteja haipokei."

"Najua."

Akangoja. Kwa wakati ule aliona safari yote imeishia hapo, kama gari lililoishiwa mafuta nyumba ikionekana.

"Ile pasi ya mkaa ya marehemu mama," mkewe alisema, "uliitupa?"

"Ipo. Chini ya kitanda, kwenye boksi."

"Yule jogoo wa kufungia kifuniko, hajakatika?"

"Yupo."

"Ina kutu?"

"Kidogo."

"Usiisugue kwa mchanga, utaikwaruza tumbo ichafue vitambaa vya watu. Majivu na ndimu." Akaongeza, "Nina sare za shule nzima hapa, siwezi kumwacha dada njiani. Lakini isugue."

Hakusema lini, na Kimya hakuuliza. Alikuwa ametumia maneno ya mwaka mzima.

Fundi Viraka alimaliza suruali aliyokuja nayo, wakairudisha mashine yake, naye akaenda zake akisema akihitajika kama tela yupo. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Kimya aliitoa pasi chini ya kitanda, akaketi nayo barazani na ndimu iliyokatwa na bakuli la majivu. Alisugua tumbo kwanza, halafu mpini, halafu yule jogoo mdogo wa shaba, kuanzia kilemba hadi mkia, hadi shaba ikaanza kutokeza chini ya weusi. Alifungua kifuniko, akakifunga, jogoo akaitika.

Akaipeleka chumba cha mbele na kuiweka chini, katikati ya yale madoa manne. Kisha akatoka kwenda kuiondoa inveta kwenye gari, kwa kuwa jioni abiria wapo. Alifungua vibanio, akafunga boneti. Waya hakuukunja. Aliuacha juu ya kizingiti cha dirisha, ncha yake ikiwa ndani.