Kilatini cha Kukaa

Siku ya kwanza kazini nilifika kwenye lisee, yaani sekondari, ya wasichana, hapa Bukavu, nimevaa kitenge kipya, maana miaka ile ya Zaïre suruali ilikuwa marufuku kwa mwanamke. Préfète, sista mzaliwa wa Nyangezi aliyesimamia masomo, alinitazama juu chini akaniuliza kama kweli ni mimi mwalimu wa Kilatini. Walikuwa wanangoja mwanamume. Nilikasirika siku ile ile, na nyinyi vijana mnaosoma haya mjue kwamba sijapoa bado.

Kazi yetu ilikuwa na pande mbili. Version ni kutoa maneno katika Kilatini na kuyaleta katika Kifaransa. Thème ni kuyatoa katika Kifaransa na kuyapeleka kwenye Kilatini, na huko ndiko wengi walikokwama. Maneno ya kila siku ya mwili, kama kukaa, kuinama au kunyata, hayahami neno kwa neno. Sisi tunasema mtu amepishanisha miguu. Mroma husema ameweka goti juu ya goti. Anayenyata, kwa Mroma anakwenda kwa hatua iliyoning'inia, suspenso gradu. Ukikariri tu, kesho umesahau. Kwa hiyo darasani kwangu hakuna aliyeandika kabla ya kufanya. Unanyata kutoka dirishani hadi ubaoni, wenzako wanakutazama miguu, ndipo mnashika kalamu.

Aliyekuwa mwepesi kuliko wote ni Nabintu, binti wa fundi cherehani wa Bagira. Alitaka kusomea sheria, na bila diploma ya Serikali, inayopatikana kwa kufaulu Examen ya mwisho, asingepokelewa chuoni.

Mwaka wao wa mwisho tulimaliza kukaa na kupiga magoti, tukaanza mwendo: kusonga mbele, kurudi nyuma, kuruka mtaro. Siku ya pili tu Préfète aliingia, akakuta wasichana wameinua sketi kidogo wakiruka mkoba wangu uliowekwa sakafuni. Akaniita nje.

«Citoyenne,» alisema, yaani raia, maana ndivyo tulivyolazimishwa kuitana, «wazazi wanatuletea watoto wanawake juu wajue kuikala muzuri. Hii mambo ya kuruka mu classe inaisha leo.»

«Ma Sœur, na kama mu Examen wanawauliza kuruka?»

«Kilatini ya kuikala itawatosha.»

Wiki iliyofuata nilihamishiwa Kalehe, kwenye shule ya wavulana. Darasa langu alilichukua yeye mwenyewe, akawarudisha kwenye kukaa, kuinama na kupiga magoti hadi mwisho wa mwaka.

Mtihani wa Serikali ulipokuja, sentensi za thème zilikuwa za askari vitani. Wanasonga, wanazingirwa, wanarudi nyuma. Wasichana wote walianguka, Nabintu pamoja nao. Baba yake akasema shule imekwisha, akamwoza. Na Préfète alisimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba Kilatini ni kizito mno kwa kichwa cha msichana. Kilatini kikafutwa pale lisee, likaletwa somo la kushona. Habari hiyo ilinifikia Kalehe. Angekosea akanyamaza, labda ningemsamehe. Lakini uwafunge watoto miguu, kisha useme hawajui kutembea? Huo ni ukatili, hata kama aliyeufanya alikuwa na rozari mkononi.

Nilifundisha wavulana miaka yote iliyobaki, chini ya wakuu waliojali zaidi nywele za wanafunzi kuliko vitabu vyao. Wavulana hao waliruka mitaro darasani walivyotaka, na hakuna mkuu aliyewahi kuniita nje. Siku ya kustaafu walinisifu kwa uvumilivu. Sikuwa mvumilivu hata kidogo. Nilikuwa na watoto wa kulisha.

Baadaye nilimkuta Nabintu kwenye soko la Kadutu, anauza sambaza, dagaa wa ziwani, mvi zimeanza kumtoka. Alinipa kiti chake, akaniuliza habari za nyumbani, akanifungia samaki na kukataa katakata malipo. Halafu akasogea karibu.

«Madame, ile phrase ya mwisho mu Examen, jibu yake ilikuwa gani? Niko naiwazaka mupaka leo.»

Naikumbuka yote. Nikamwambia: askari walirudi nyuma polepole bila kukimbia, na Mroma husema tu kwamba waliurudisha mguu, pedem referre.

Aliliweka chini beseni la sambaza.

«Iko hii tu, Madame?»

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni hiyo tu, somo la siku moja. Akaitika kwa kichwa, kisha akamgeukia mteja.