Bangili za Waya na Mashine ya Mkonge

Siku niliyoanza kazi, kitu cha kwanza nilichofundishwa ni mahali pa kutema mate. Msicheke. Maji ya kijani yanayotoka kwenye majani ya mkonge yakichachuka huleta harufu inayokaa kooni, na mgeni hutema ovyo. Nyapara wa zamu alinishika bega akanionyesha mtaro wa ukutani. "Hapa. Si pengine. Sakafu ikiteleza, mtu anaenda na mashine." Kisha akanipa kopo la grisi na kitambaa, na hivyo ndivyo mimi, Musyoka, nilivyoingia kwenye ufundi.

Kiwanda kilikuwa kule chini Makueni, upande wa reli, ambako mvua ni habari ya kusikia kwa wengine. Mkoloni alikuwa bado anatutawala. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua kusoma na kuandika, najua hesabu, najua Kiingereza kiasi, na nyimbo nyingi kuliko nilizohitaji maishani. Kaka yangu mkubwa, Kilonzo, hakuwa ameketi darasani hata siku moja, lakini ndiye aliyenitafutia kazi. Yeye alikuwa mlishaji, yaani mtu anayesimama mbele ya mashine na kuipa majani.

Niwaeleze hiyo mashine, maana wengi wenu mmekua na kamba ya nailoni tu. Jani la mkonge ni nene, lina mwiba nchani, na ndani yake mna nyuzi ndefu nyeupe ziitwazo singa. Mlishaji huyatandaza majani mezani, minyororo ikayabana na kuyapeleka kwenye ngoma kubwa ya chuma yenye visu butu. Visu hivyo havikati. Vinaponda na kukwangua nyama ya jani hadi zinabaki singa. Upande wa pili akina mama walizipokea zikichuruzika maji, wakaenda kuzianika juani. Ngoma ilizungushwa kwa mkanda uliotoka kwenye injini ya mvuke, na kuisimamisha ilibidi mtu ausukume mkanda kwa mti hadi uhamie kwenye puli tupu, gurudumu lisilozungusha kitu. Haikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Sasa bangili. Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa waya. Aliivuta shaba kwenye matundu ya chuma, tundu kubwa kisha dogo kisha dogo zaidi, mpaka ikawa waya mwembamba, na waya huo akausokota ukawa bangili. Karibu kila bangili niliyoiona kwenye mikono ya wanaume pale kiwandani ilikuwa imetoka kwake. Kwetu haikuwa pambo la kununua sokoni. Mzazi wako alikuvisha siku ulipohesabiwa mtu mzima, akakubariki, na aliyekuvisha ndiye aliyekuwa na haki ya kukuvua. Baba alipofariki, ya Kilonzo ilibaki mkononi mwake vilevile.

Mimi sikuwa na bangili. Nilikuwa na ndogo ya utotoni, na siku nilipoandikishwa shule mwalimu wa misheni aliikata kwa koleo mbele ya watoto wote, akaitupa chooni. Alisema ni kitu cha giza. Nilipofika nyumbani baba aliutazama mkono wangu, na hakunivisha nyingine mpaka alipokufa. Shule ilinipa mengi, na ninaishukuru mpaka leo. Lakini kwa jambo hilo moja sijaisamehe, na sioni haya kusema.

Mwaka wangu wa pili aliletwa Injinia mpya, Mzungu mwembamba, asiyepiga kelele. Alizunguka kiwandani asubuhi nzima akitazama mikono ya watu, kisha akaamuru tukusanyike. Alizungumza Kiingereza kifupi, na mimi nilikisikia vizuri. Alisema singa zitanasa kwenye nyaya za bangili na mashine itamvuta mtu, kwa hiyo walishaji wote wazivue kabla ya kazi. Hakusema zaidi ya hapo. Aliyetafsiri alikuwa Karani wa kiwanda, ambaye Jumapili alikuwa mhubiri.

"Bwana Injinia amesema," Karani akapaza sauti, "wakati wa ujinga umekwisha! Kila mtu avue mambo ya kale. Anayetaka kuwa mtu mpya, avue. Anayependa giza, abaki nalo."

Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliamini kabisa kwamba ujumbe ni ule ule. Lakini wanaume walitazamana, na nikajua neno limekwisha kuharibika. Walikuwa wameyasikia hayo kanisani, wameyasikia shuleni kwa watoto wao, na sasa yamewafuata hadi kazini. Hakuna aliyesikia habari ya mashine. Wachache walivua kwa kuogopa kufukuzwa. Mutua, aliyelisha mashine bega kwa bega na Kilonzo, alilivuta shati lake akafunika bangili. Kilonzo hata hakufunika.

Jioni nilimweleza kaka yangu maneno yenyewe ya Injinia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulitolewa yako kwa koleo," akasema. "Lazima utasema hivyo."

"Kaka, hii si habari ya kanisa. Ni habari ya mkono."

"Baba ndiye alinivalisha. Baba yuko wapi anitoe?"

Haikupita muda. Ilikuwa asubuhi, majani mabichi yamejaa mezani, nami niko chini ya shafti inayozungusha ngoma, nikipaka grisi. Singa ya jani lililochanika ilijipenyeza kati ya nyaya za bangili ya Mutua. Singa ya mkonge haikatiki, ndiyo sababu watu wa meli waliitaka. Nilisikia jina la Kilonzo likiitwa kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani. Kilonzo alimkumbatia mwenzake kiunoni akavuta nyuma, nami nikaurukia mti wa mkanda. Ngoma ilipotulia, mkono wa kulia wa Mutua ulikuwa umeishia kwenye kiwiko. Alipelekwa hospitali kwa lori la marobota ya singa, na baada ya hapo akarudishwa kwao.

Mngedhani sasa wote wangevua. Wapi! Siku ya pili palizuka maneno kwamba mashine imeadhibu, kwamba Karani aliilaani bangili na laana ikajibu. Kuvua sasa kulikuwa kumkubali Karani. Bwana Meneja alitoa amri: Jumatatu, mlishaji mwenye bangili hana kazi. Kilonzo alisema Jumatatu atakwenda nayo, na wakimfukuza atangoja wamtoe nje kwa nguvu. Nilimwogopea vibaya sana. Injinia alikuwa mgonjwa, Nyapara alikuwa na upungufu wa walishaji, na nilijua wazi kwamba katika vurugu ile angesimamishwa mbele ya mashine hivyo hivyo, na bangili yake mkononi.

Nilikwenda kwa mama. Nilimweleza yote, pamoja na lile swali la baba yuko wapi. Mama alikuwa mwanamke wa maneno machache na ulimi wa pilipili. Alikoroga chungu chake kwanza.

"Huyo mtoto ni kichwa ngumu kama huyo mwenye kumzaa," akasema. "Jumatatu nitakuja."

Alitembea tangu alfajiri, na kengele ya kwanza ilimkuta langoni na kikapu chake cha kiondo. Walishaji walikuwa wamesimama nje, Nyapara mbele yao, Karani pembeni. Mama hakumsalimu yeyote. Alimwendea Kilonzo.

"Lete mkono."

"Mwaitu," Kilonzo akasema, kwa lile jina letu la mama, "si wewe ulinivalisha."

"Na nani alishika huo mkono wako usitetemeke, baba yako akikuvalisha? Si mimi?" Aliwageukia wanaume wote. "Nyinyi wote mko na waya ya bwana yangu. Mliwahi kumwona akivuta waya? Kabla hajawasha moto alikuwa anatoa yake, ananipatia mimi nishike. Kila siku. Akimaliza, ananyoosha mkono, namrudishia. Moto haujui huyu ni nani. Sasa hii yenu ni moto pia. Toeni, mnipatie."

Kilonzo alinyoosha mkono. Alikuwa mwanamume mkubwa, lakini aligeuza uso pembeni kama mtoto anayedungwa sindano. Mama aliipanua bangili taratibu akaitoa, akaitia kiondoni. Kisha wa pili akaja, na wa tatu, mpaka wote. Alikaa chini ya ukuta wa kiwanda siku nzima akisuka kiondo kingine, na kengele ya kutoka ilipolia akamvisha kila mtu yake. Alifanya hivyo juma zima. Halafu nikapigilia ubao wenye misumari mlangoni, kila mlishaji na msumari wake, na wanaume wakawa wanavuana na kuvishana wao kwa wao.

Injinia aliporudi alisimama mbele ya ubao akazitazama zile bangili zinazong'aa.

"Nani ametengeneza waya huu?" akaniuliza.

"Baba yangu."

"Alisomea wapi?"

Nikamwambia nyumbani. Akaniagiza niache grisi niende kwenye karakana kujifunza kutengeneza vipuri. Ufundi wangu wote ulianzia hapo.

Baada ya Uhuru nilihamia Kitui, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako misumeno midogo hutenganisha nyuzi na mbegu. Meneja wetu wa kwanza Mwafrika aliniuliza ninahitaji nini kwa usalama wa watu, nami nikamwomba ubao na misumari. Miaka ya mwisho nilifundisha chuo cha ufundi, tukipokea vijana hadi kutoka Tseikuru kule kaskazini. Wao huvaa mikanda ya mpira mikononi na waya za simu masikioni. Nimewaambia wavue, lakini sijawahi kuwaambia kwamba ni washamba au wapotevu kwa kuvivaa. Nikiulizwa leo maendeleo yaliingiaje kwetu, husema yaliingia kwa mlango mmoja na matusi, na wengi wetu tulishindwa kuyatenganisha. Tuliokataa matusi tulikaribia kukataa na mkono wetu wenyewe.

Kilonzo alifariki juzijuzi, mzee sana. Nyumbani, kabla ya mazishi, jeneza lilifunguliwa ili tumuage. Mikono yake yote miwili ilikuwa imelazwa kifuani. Mutua aliletwa na wajukuu zake, mkono wa shati umekunjwa na kufungwa kwa pini. Akaweka mkono wake mmoja juu ya ile miwili.

"Mimi mama yangu alikuwa amekufa," akaniambia polepole. "Hakukuwa na mtu wa kuja kuniambia nitoe."

Nililia mbele za watu, na sikujali.

Mjane wa Kilonzo alitoa bangili iliyofungwa kwenye kitambaa, akasema ni yangu sasa. Wazee wakauliza nani anivishe, maana walionizaa hawapo. Nikamnyooshea Mutua mkono. Mtu mmoja alitaka kumsaidia, akamkataza kwa macho. Aliipanua kwa kuikandamiza kwenye ukingo wa kiti, akaipitisha, akaibana kwa vidole vyake mwenyewe, na ilichukua muda.

"Mimi ndiye nimekuvalisha," akasema. "Na ukifika kwa mashine, toa. Nimekuambia."